Mjadala: Je, besi nzito ya sinema ya nyumbani ipimwe kwa desibeli A, au kipimo hicho kinaficha kero?

Mleta mada

Wadau, naomba tujadili jambo ambalo kila likiibuka huishia kwenye kurushiana maneno, kwa sababu kila upande unashikilia kipimo kisichopima kile kinachogombewa. Mwenye mfumo wa sinema ya nyumbani huonyesha simu yake na kusema kwamba sauti haikuvuka desibeli 55. Jirani wa upande wa pili wa ukuta hudai kwamba kitanda chake kilikuwa kikitetemeka. Msimamo wangu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na kwamba kanuni yoyote, iwe ya jengo la pamoja au ya mamlaka ya mji, inayopima besi kwa desibeli A peke yake haimlindi jirani wala haimwongozi mwenye sabufa, yaani spika ya besi.

Kipimo cha desibeli A kina asili yake katika miaka ya 1930, na kilikusudiwa kukifanya chombo kisikie kama sikio linavyosikia sauti hafifu. Kwa kuwa sikio letu ni zito kwa sauti za chini, yaani zenye mlio mzito, kipimo hicho huzipunguza kabla ya kuzihesabu. Kwa mlio wa hezi 63, yaani masafa ya mitetemo 63 kwa sekunde, hupunguza desibeli 26. Kwa hezi 31.5 hupunguza desibeli 39. Kwa hezi 20, ambako wenye sabufa kubwa ndiko wanakotambiana, hupunguza desibeli 50. Maana yake ni kwamba mngurumo wa hezi 31.5 wenye nguvu ya desibeli 90 utasomeka kama 51 hivi, yaani chini ya mazungumzo ya kawaida ya watu wawili mezani. Mngurumo huohuo ukipimwa kwa desibeli C, ambayo katika masafa hayo hupunguza desibeli 3 tu, utasomeka 87. Chombo ni kilekile na chumba ni kilekile. Kilichobadilika ni kitufe kimoja.

Atakayeuliza kero iko wapi ikiwa sikio halisikii, asubiri kidogo. Ni kweli kwamba mlio wa hezi 20 hauanzi kusikika mpaka ufike karibu desibeli 78. Hata hivyo, ukishavuka kizingiti hicho hupanda kwa kasi ya ajabu. Kwenye hezi 1000, sauti huhitaji kuongezwa takriban desibeli 10 ndipo msikilizaji aseme imekuwa kubwa maradufu. Kwenye hezi 20, desibeli 5 hivi zinatosha. Ndiyo sababu jirani anaweza kukaa nusu ya filamu bila kusikia lolote, kisha mwenye sabufa akaongeza sauti kidogo tu, na chumba cha pili kikawa hakikaliki. Mwenye kuongeza anaapa kwamba ameongeza kidogo, na kwa hesabu za namba hasemi uongo.

Sasa nije upande wa mwenye sabufa, maana hapa ndipo naona mjadala huu hupotoka, tunapochukulia kwamba raha ya mmoja ni lazima iwe karaha ya mwingine. Chukueni chumba chenye urefu wa mita 5. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 34 lina urefu wa mita 10, mara mbili ya chumba, na hapo chumba chenyewe huudaka mlio huo na kuukuza. Shinikizo lake huwa kubwa kabisa kwenye kuta mbili za mwisho na hufifia karibu kutoweka katikati. Mtu aliyeweka kochi katikati ya chumba, akicheza mlio wa majaribio unaopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 120, atasikia besi ikizama inapokaribia 34. Atadhani sabufa yake ni dhaifu, ataongeza sauti, na muda wote huo ukuta anaochangia na jirani unapigwa na mlio uleule ambao yeye hausikii. Akisogeza kochi nyuma mita moja, besi hurudi, na sauti inaweza kushushwa bila yeye kupoteza kitu.

Napendekeza basi kwamba malalamiko ya besi yapimwe ndani ya chumba cha anayelalamika, milango ikiwa imefungwa, na kwa vipande vya masafa, kila kundi la milio peke yake, badala ya namba moja. Si ndoto. Sweden, katika mwongozo wa 2014 wa mamlaka yake ya afya ya jamii, imeweka kikomo kwa kila kipande, kuanzia desibeli 56 kwenye hezi 31.5 na kushuka hadi desibeli 32 kwenye hezi 200. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 1999 kuhusu kelele katika makazi, lilieleza kwamba desibeli A hupunja uzito wa kelele yenye besi nyingi. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu zako sina ugomvi nazo; ugomvi wangu ni na kanuni unayotaka izaliwe kutokana nazo. Besi ya filamu haifanani na mashine inayonguruma usiku kucha. Katika mfumo wa 5.1, wenye njia tano za sauti na moja ya besi, ile .1 ni njia ya pekee ya athari za sauti za chini, isiyovuka hezi 120, na imepewa nafasi ya desibeli 10 zaidi ya njia nyingine ili mlipuko uwe mlipuko. Katika ukumbi wa sinema uliopangwa kwa viwango, njia hiyo inaruhusiwa kufika kilele cha desibeli 115, ingawa sijui ni nani mwenye akili timamu anayesikiliza hivyo sebuleni kwake. Vilele hivyo hudumu sekunde chache, kisha watu wanarudi kuzungumza. Ukimhukumu mtu kwa sekunde hizo, umempiga marufuku kutazama filamu jinsi ilivyotengenezwa.

Isitoshe, nani atakayepima? Chombo cha kupima kwa vipande vya masafa kinahitaji mtu anayekijua, na chumba cha jirani kina sauti nyingine nyingi za chini: lori linalopita, lifti, kompresa ya friji, feni ya paa. Chombo hakijui mngurumo umetoka kwa nani. Kamati ya jengo ikishindwa na hesabu hizi itachukua njia ya mkato na kuandika kwamba sabufa haziruhusiwi. Mimi ningeridhika na kanuni ya saa: mchana na jioni mapema ruhusa, usiku marufuku, na kila mtu anaielewa bila kuita fundi.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni yule wa upande wa pili wa ukuta, na naomba nimweleze mchangiaji aliyetangulia kwamba filamu anayoisifu hainifikii. Uwezo wa ukuta kuzuia sauti hupungua takriban desibeli 6 kila masafa yanaposhuka kwa nusu, kwa hiyo maneno, muziki wa juu na vicheko vyote hubaki kwake, nami naletewa filamu isiyo na kitu ila milipuko. Yeye anaona gari likikaribia daraja, hivyo anajua kishindo kinakuja na kinaisha lini. Mimi nimelala, na kioo cha kabati kinaanza kulia chenyewe. Kuhusu kanuni ya saa, wako watu wanaofanya kazi usiku na kulala mchana, na wako watoto wachanga. Saa haibadilishi kinachopita ukutani.

Tena asije mtu akaniambia habari za vile vipande vya mpira vya kuweka chini ya sabufa. Vinasaidia mtetemo usiingie sakafuni moja kwa moja, na kwa hilo sivikatai, lakini sauti iliyokwisha kuingia hewani haiulizi sabufa imekalia nini.

Mchangiaji wa tatu

Nafunga mifumo hii kwa kazi, na nitagusia majaribio tu, kwa sababu naona watu wanapima vibaya pande zote mbili. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na simu nyingi hukata sauti za chini makusudi ili upepo usivuruge mazungumzo. Simu ikisema hezi 25 hazipo, hiyo si habari ya chumba, ni habari ya simu. Maikrofoni ya kupimia iliyosawazishwa, inayochomekwa kwenye kompyuta pamoja na programu kama REW, itaonyesha mchoro wenye vilele na mabonde ya chumba, na mteja akiuona mchoro huo huacha kabisa kuuliza kuhusu wati.

Namsahihisha mleta mada mahali pamoja. Kusogeza kochi nyuma ni sawa, ila ukiliegemeza ukutani kabisa unatoka bondeni na kupanda kileleni. Kila besi itasikika ni noti ileile moja, nzito na yenye kuvuma. Njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi ni kuweka sabufa mahali pa kochi, kucheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha kutambaa kando ya kuta, sikio likiwa chini, mpaka ufike mahali ambapo noti zote zinasikika sawasawa. Hapo ndipo sabufa ikae. Watoto wa nyumba hucheka sana wakati huo, waacheni wacheke. Mwenye uwezo wa sabufa mbili aziweke katikati ya kuta mbili zinazotazamana, mpangilio ambao utafiti wa Todd Welti wa kampuni ya Harman, uliotolewa mwaka 2002, uliuunga mkono, kwa sababu huua ule mlio mkubwa wa kwanza wa chumba usianze. Kusawazisha kwa risiva, kile chombo kinachoendesha spika zote, hushusha vilele vizuri, lakini hakujazi mabonde: ukiongeza nguvu mahali ambapo wimbi linajifuta lenyewe, unachoma amplifaya bure na unamwongezea jirani.

Jambo la usalama wa mali yenu: sabufa yenye tundu la hewa isijaribiwe kwa sauti kubwa kwa milio iliyo chini ya masafa ambayo kasha lake limetengenezewa. Huko chini koni, ule utando wa spika unaotetemeka, haina tena hewa ya kuizuia, hupiga mbele na nyuma kupita kiasi, na kabla haijapasuka utasikia tundu likipumua na koili ikigonga. Anzeni kwa sauti ya chini. Kwa anayetaka kishindo cha mwili zaidi ya sauti, kipo kifaa kinachofungwa kwa skrubu chini ya kochi na kulitikisa lenyewe. Hutikisa mtu bila kuijaza nyumba, mradi miguu ya kochi iwekewe mpira.

Mleta mada

Nashukuru kwa sahihisho la kochi, nalipokea.

Kwa mchangiaji wa kwanza: hoja yako ya gharama ni nzito, lakini haihitaji maabara kuanza. Kipima sauti cha kawaida chenye vitufe vya A na C kinatosha kama hatua ya kwanza. Unapima mara mbili na kutoa moja kwa nyingine. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 45680 cha mwaka 1997 kilichukua tofauti ya zaidi ya desibeli 20 kati ya C na A kuwa dalili kwamba besi ndiyo inayotawala na kwamba uchunguzi wa vipande unastahili. Ikiwa tofauti ni ndogo, hakuna haja ya kumwita mtu. Kuhusu lori na lifti, kipande kilekile cha filamu kichezwe huku jirani akiwa chumbani kwake na chombo, kisha kizimwe na kupimwa tena kimya kikiwapo. Kinachobaki baada ya kulinganisha ndicho cha sabufa. Kanuni ya saa siikatai kama nyongeza. Nakataa iwe badala ya kipimo, kwa sababu inamruhusu mtu kutikisa jengo saa tisa alasiri na inamnyima haki yule ambaye amepanga chumba chake vizuri kiasi kwamba hata saa nne usiku hakuna kinachovuka.

Mchangiaji wa kwanza

Kuwasha na kuzima nakubali, na kutoa A katika C nakubali vilevile. Hata mwenyekiti wa jengo asiyejua hezi ni nini anaweza kufanya hivyo. Linalonisumbua bado ni kitufe cha sauti siku ya kupima. Mimi nitaiweka pale ninaposema huwa natazamia, jirani atasema jana ilikuwa juu zaidi, na chombo hakiwezi kupima jana. Kama mnataka kipimo kiwe cha haki, semeni kwanza nani anashika rimoti.