Fulu fremu ya mtumba ama APS-C mpya? Nataka nyuma iyeyuke

PichaZaKizingo
Hamjambo jamaa. Nina laki na nusu. Kuna mtu aniuzia Canon EOS RP ya mtumba (fulu fremu, yenye sensa kubwa) na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Dukani nako nimeona Sony a6400 mpya (APS-C, sensa ndogo, ile waiitayo kropu). Nataka nyuma iyeyuke kabisa, kama zile picha za maharusi pale Lighthouse, bahari inabaki rangi tu. Nimeambiwa sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndiyo yenye ukungu huo wa nyuma, kropu ni kutupa pesa. Nichukue ipi?

MwanaWaTudor
Laki na nusu ni ya bodi peke yake ama pamoja na lenzi? Picha ama video? Ukumbini ama nje? Yakhe, waulizia bei ya samaki na hujasema samaki gani.

PichaZaKizingo
Pamoja na lenzi. Harusi, na potreti kidogo.

BiHawa_Lenzi
Kaka, sensa haitengenezi ukungu. Chukua lenzi ya milimita 50, simama pale pale, f ile ile (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), piga kwa fulu fremu kisha kwa kropu. Ukungu unaoangukia sensa ni ule ule, ila kropu imekata kingo. Sasa bibi harusi amejaa sana kwenye fremu, itabidi urudi nyuma ama uweke lenzi fupi. Hapo ndipo kina cha fokasi (ile sehemu ya mbele hadi nyuma inayotoka makali) kinapoongezeka na ukungu unapungua. Kwa hivyo sensa kubwa husaidia, lakini kwa kukuruhusu usogee karibu au utumie lenzi ndefu zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Sensa ya Sony APS-C ni kama 23.5 × 15.6 mm, fulu fremu ni 36 × 24, tofauti mara 1.5. Zidisha urefu wa lenzi, na f uizidishe pia (hii ya pili wauzaji hawaisemi). Sigma 56 mm f/1.4 kwenye a6400 yakupa picha ya 84 mm f/2.1. Kwenye RP ukiweka RF 85 mm f/2, umefika mahali pamoja. Mtu akiwa mita 2, kina cha fokasi ni kama sentimita 7 kwa Sony na 6 na nusu kwa Canon. Nusu sentimita hiyo hakuna mteja atakayeiona.

Mkongwe_Makupa
Hesabu nzuri dada, lakini huku ni Mombasa, harusi ni usiku. Fulu fremu ina eneo zaidi ya mara mbili ya hiyo kropu. Taa zikizimwa, picha za RP zitakuwa na chembechembe chache. Mimi kropu siigusi tena.

BiHawa_Lenzi
Ami, kwa heshima, hiyo ni kweli mkitumia f moja. Mimi nafungua 1.4 na wewe uko f/2, mwanga unaokusanywa unakaribia kulingana. Napiga kupamba kwa kina mama, ukumbi mzima taa za zambarau, na kropu yangu haijaniaibisha. Faida ya fulu fremu ni kwamba nayo ina lenzi za f/1.4 na 1.2, na huko kropu haifiki kwa urahisi. Je, laki na nusu inafika?

KijanaWaBamburi
Si mutumie simu tu. Yangu yafifisha nyuma bure.

MwanaWaTudor
Lenzi ya simu nayo utaona imeandikwa f/1.8, lakini urefu wake halisi ni milimita chache, tundu lenyewe ni dogo mno. Ule ukungu ni programu inabahatisha. Mpige bibi harusi mwenye shela ya wavu uone itakavyokatakata kingo.

FundiWaLikoni
Nyote mwasifu kuyeyusha. Wacha niwape yaliyonipata. Harusi ya Kisauni, nilimkodi mpiga picha wa pili, kijana wa fulu fremu na 85 f/1.4, najisikia niko salama. Nikamwachia picha ya familia, safu mbili, mita tano hivi. Akapiga zote akiwa f/1.4. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma kila kitu chang'aa. Kufika nyumbani, nafungua kwenye kompyuta: safu ya mbele kope zahesabika, safu ya nyuma nyuso kama nta. Na nyuma ndiko walikosimama babake bwana harusi na nyanya aliyetoka Lamu. Kina cha fokasi hapo ni chini ya sentimita 30, na safu zimeachana zaidi ya hiyo. Namuuliza, anijibu ati "si mlisema nyuma iyeyuke?" Familia ikakataa kumaliza malipo, na mimi siwalaumu. Nyanya amesharudi Lamu, utampiga tena vipi? Tangu siku ile picha ya familia ni f/8, hata kamera iwe ya nani.

Mkongwe_Makupa
Huyo kosa ni lake, si la fulu fremu.

FundiWaLikoni
Ndiyo nasema hivyo. Ukungu si sifa ya kununulia kamera.

MwanaWaTudor
Mwasahau umbali wa nyuma. Bibi harusi akiegemea ukuta wa Fort Jesus, hata ulete sensa ya ukubwa wa mlango, ukuta hauyeyuki. Msogeze mbele hatua kumi. Na vichochoro vya Mji wa Kale, 85 utarudi nayo hadi ndani ya nyumba ya mtu.

Wewe wa RP, uliza yauzwa na lenzi gani. Ikiwa ni RF-S, hiyo ni ya kropu. Kamera itakata picha yenyewe, megapikseli 26 zibaki kama 10, na fulu fremu yako imekwisha hapo.

PichaZaKizingo
Ameniandikia tu "na lenzi yake". Picha ya lenzi hakutuma.

Mkongwe_Makupa
Basi imulike kwa tochi, utazame kioo cha ndani kama kuna kuvu. Lenzi zilizokaa pwani bila kutumika huota utando kama wa buibui. Mimi huzilaza ndani ya ndoo ya mchele.

BiHawa_Lenzi
Mchele una vumbi, ami! Sanduku lisilopitisha hewa na silika (vile vipakiti vya punje zinazonyonya unyevu), basi.

KijanaWaBamburi
Silika yauzwa wapi? Biashara Street nimezunguka, kila mtu ashangaa.

FundiWaLikoni
Maduka ya viatu wanazitupa.

BiHawa_Lenzi
Hizo zishakunywa unyevu. Tafuta zile za rangi zinazobadilika, zikijaa wazikausha kwa joto.

KijanaWaBamburi
Kwa jiko la makaa yafaa?