Pesa ya M-Pesa inaingia kwenye tili, lakini oda zinabaki "inasubiri malipo"

Bint_Mkomani

Assalaam alaykum jamani. Naomba mnisomee hadi mwisho, nimehangaika peke yangu siku tatu na sasa nimekwama.

Naendesha duka la mtandaoni la kofia za vito wanazoshona mamangu na jirani zake wanne hapa Lamu. Kofia moja humchukua mshonaji mwezi na zaidi, kwa hivyo kila oda kwetu ni jambo kubwa. Tovuti ni WordPress, duka ni WooCommerce, na malipo yanapita kwenye plagini (programu ndogo ya kuongezea tovuti) ya M-Pesa. Mteja anaandika namba yake, ombi linamtokea kwenye simu, anaingiza PIN, kwisha. Mwaka mzima haijanisumbua.

Tangu Jumanne pesa inaingia kwenye tili, ujumbe naupata, lakini oda haibadiliki. Mteja anabaki anatazama ukurasa unaozunguka, na barua pepe ya uthibitisho haimfikii. Oda saba mpaka leo. Mteja mmoja wa Mombasa alidhani malipo hayakupita akalipa tena, shilingi 7,500 mara mbili. Nimemrudishia jana usiku, na niliona haya sana kumpigia.

Nilichobadilisha: Jumatatu nilisasisha plagini sita kwa mpigo, WooCommerce ikiwemo, na nikaongeza plagini ya ulinzi kwa sababu maoni takataka yalikuwa yanamiminika. Tangu hapo nimefuta kache, nimeingiza upya funguo za Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa), nimezima na kuwasha plagini ya M-Pesa. Wapi. Je, nifute kila kitu nianze upya? Idd iko mlangoni na mama ananiuliza kila asubuhi.

Kijana_Kisauni

Waalaykum salaam dada. Usifute kitu! Kwanza chukua nakala ya faili pamoja na hifadhidata. Halafu weka plagini inayoitwa Health Check & Troubleshooting. Ina hali ya uchunguzi inayokuzimia plagini zote wewe peke yako, wateja wanaendelea kuona duka kama kawaida. Uwashe moja moja mpaka umpate mkorofi. Mimi ilinisaidia ukurasa wangu ulipokuwa mweupe kabisa.

Msaada_Haraka

Dada nitumie jina na paswadi ya dashibodi inbox, dakika kumi nimemaliza.

FundiSeva_Tanga

Bint, paswadi usimpe mtu yeyote usiyemjua. Tovuti hii inagusa pesa.

Kijana, njia yako ni nzuri kwa ukurasa mweupe, lakini hapa haitamfaa. Hali ile ya uchunguzi inamhusu yule tu aliyeingia kwenye dashibodi. Mteja akishaingiza PIN, seva ya M-Pesa ndiyo inayotuma majibu kwenye tovuti, na yenyewe inakuja kama mgeni asiye na akaunti. Bint atazima plagini zote kwenye skrini yake, na mgeni yule bado atazikuta zote ziko kazini.

Dada, kabla ya kutafuta kosa, fanya hili sasa hivi. Nenda kwenye mipangilio ya WooCommerce, upande wa bidhaa, sehemu ya ghala. Kuna kisanduku cha dakika za kumshikilia mteja bidhaa ambayo hajailipia, na kwa kawaida kimeandikwa 60. Zikipita, oda inaweza kujifuta, yaani kughairiwa yenyewe, na bidhaa ikarudi dukani. Kwako maana yake kofia iliyokwisha lipiwa inaweza kuuzwa kwa mtu wa pili. Futa namba hiyo, kisanduku kibaki kitupu, uhifadhi.

Sasa kosa lenyewe. Ombi linafika kwenye simu ya mteja, kwa hivyo funguo zako za Daraja ni sahihi, ziache. Safari ya kwenda ni nzima, ya kurudi ndiyo imekatika. Mimi naishuku plagini ya ulinzi. Nyingi zina swichi ya kuifunga REST API, yaani mlango ambao programu nyingine huzungumzia na tovuti, kwa asiyeingia, na majibu ya malipo mara nyingi hupita hapo hapo. Kwenye mipangilio ya plagini ya M-Pesa tafuta anwani ya kupokelea majibu. Kama ina "wp-json" katikati, ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ukiwa hujaingia popote. Ukiona 401 na maneno kwamba hujaingia, mlango umefungwa. Ukiona 404 yenye "rest_no_route" usishtuke. Mara nyingi ni kwa sababu kivinjari kinaomba kusoma, na anwani ile inapokea tu kinacholetwa. Hapo tutatafuta kwingine.

Bint_Mkomani

FundiSeva, Mungu akuzidishie. Ni 401!

Swichi nimeikuta imejificha chini ya "ulinzi wa ziada". Niliiwasha mwenyewe Jumatatu, nilipokuwa naweka tiki kila mahali palipoandikwa "inapendekezwa". Je, niizime tu, au niondoe plagini yote? Yale maoni takataka kweli yamekoma.

FundiSeva_Tanga

Ibakize. Tafuta orodha ya anwani zinazoruhusiwa, uweke njia ya majibu ya M-Pesa peke yake, kuanzia "wp-json" hadi mwisho. Isipokuwa na orodha hiyo, zima swichi ile moja, mengine yaendelee. Kisha tengeneza bidhaa ya shilingi 10, uinunue kwa simu yako, huku umefungua kumbukumbu za WooCommerce kwenye sehemu ya Hali, kama plagini yako huandika huko. Majibu yakifika yatakuwa na ResultCode. 0 ni malipo yamekamilika, 1032 ni mteja mwenyewe amekataa ombi.

Kijana_Kisauni

Hilo la mgeni sikulijua, ahsante mwalimu.

Bint_Mkomani

Narudi na majibu. Orodha ilikuwepo. Nimeweka njia ile, nimenunua "kofia" ya shilingi 10, na ndani ya sekunde chache oda imegeuka "inashughulikiwa". Barua pepe nayo imefika. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Oda saba nimezipitia kwa mkono, nikioanisha msimbo wa muamala kwenye taarifa ya tili na jina, namba ya simu na kiasi. Picha za skrini walizonitumia wateja sikuzitegemea. Tano nilizikuta bado zinasubiri. Mbili zilikuwa zimejifuta kama ulivyosema, na kofia moja, nyeupe kwa hariri ya rangi ya zafarani, ilikuwa imerudi dukani na mtu wa Nairobi ameshaiagiza alfajiri. Yeye alikuwa hajalipa, alhamdulillahi. Nimempigia, nimemweleza ilivyokuwa, akakubali kusubiri nyingine. Bi jirani ameianza leo baada ya adhuhuri.

Swali moja la mwisho: hizi plagini sita, mwezi ujao nikizisasisha moja moja, nianze na ipi?

FundiSeva_Tanga

WooCommerce kwanza, halafu ile ya M-Pesa, na baada ya kila moja nunua ile ya shilingi 10. Ifiche tu isionekane dukani, usiifute.