Nilimwita baba "mwalimu wa UPE", sasa hatuongei

Binti_wa_Tukuyu aliandika:

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba mnisaidie kufikiri, mwenyewe nimeshindwa.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Tukuyu, wilayani Rungwe. Alimaliza darasa la saba 1977, mwaka ambao Serikali ilikuwa imepania kila mtoto awe ameingia shule; mpango huo uliitwa UPE, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya elimu ya msingi kwa wote. Walimu hawakutosha, hivyo vijana kama yeye wakachukuliwa wakasomea ualimu huku huku vijijini. Muda mwingine unafundisha, muda mwingine unafundishwa, na kuna masomo ya redio na vijitabu vya posta. Miaka mitatu hivyo, akaajiriwa.

Mimi nilimaliza shahada ya ualimu 2015, Kiswahili na Historia. Waliotutangulia walikuwa wanasubiri tu kupangiwa vituo. 2016 ajira zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na zilipofunguliwa waliohitajika zaidi walikuwa watu wa sayansi na hisabati. Nafundisha shule binafsi hapa Dar. Mshahara unakatwa asilimia 15 kulipia mkopo wa chuo kabla sijaugusa.

Pasaka nilienda nyumbani. Tukiwa mezani baba akasema, mbele ya wadogo zangu, kwamba kizazi chetu kimezoea kulalamika, na kwamba yeye kwa umri wangu alikuwa ameshajenga. Nikamjibu: "Baba, wewe ni mwalimu wa UPE. Kwa cheti chako leo hata kwenye usaili usingeitwa."

Kwa wasio Watanzania: hilo ni tusi. Ni kumwambia mtu kwamba hakusoma, aliokotwa tu kujaza nafasi. Baba aliweka kijiko chini, akainuka. Hii ni wiki ya tano hajanipigia.

Lile neno halikuniponyoka. Nilikuwa nalo kifuani miaka mingi, na ndilo linalonitisha. Nampenda baba yangu. Je, huu ni wivu? Au kweli kizazi chao kilipewa kitu ambacho sisi tumenyimwa?

Somo_la_Jamii alijibu:

Dada, nafundisha sosholojia chuoni, na swali lako ndilo ninaloshinda nalo. Karl Mannheim, mzaliwa wa Budapest, aliandika 1928 kwamba kizazi si hesabu ya miaka ya kuzaliwa peke yake. Watu huwa kizazi kimoja pale mambo makubwa ya zama zao yanapowakuta wakiwa bado wabichi, yakawa kipimo cha kila kitakachofuata. Baba yako ujanani alikuta mlango umefunguliwa na anaitwa aingie, taifa linamhitaji. Wewe umefika mlango ukiwa unafungwa. Kwa hiyo neno "kazi" mkilitamka nyinyi wawili si neno moja. Kwake kazi huja kwa bidii, kwa sababu ndivyo alivyoona kwa macho yake.

Kuhusu kilichokuwa kifuani, Max Scheler, Mjerumani wa zama hizo hizo, alitenganisha hasira na kinyongo. Hasira hutoka ikaisha. Kinyongo ni hasira iliyomezwa tena na tena kwa sababu mwenyewe huna uwezo wa kumjibu aliyekukosea. Waliosimamisha ajira hukuweza kuwafikia. Baba ulimfikia, alikuwa amekaa mbele yako. Sisemi hili kukutetea. Nasema ujue kwamba lile tusi lilikuwa na mtu mwingine wa kupelekewa.

Jirani_wa_Nairobi alijibu:

Mimi ni Mkenya. Mama yangu alikuwa barabarani siku ya Saba Saba, 7 Julai 1990, wakati kudai vyama vingi kulikuwa hatari kwelikweli. Nilipotoka 25 Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, aliniambia sisi Jenzii (Gen Z, vijana wa sasa) hatuna adabu wala kiongozi. Nilikasirika sana. Nikamkumbusha kwamba babu alimwambia maneno hayo hayo. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema kuna msichana waliyetoka naye siku ile ambaye hakurudi. Miaka yote hiyo sikuwa nimeambiwa.

Mstaafu_Singida alijibu:

Marahaba, binti yangu. Mimi ni UPE.

Darasa langu la kwanza, 1979, lilikuwa na watoto 94 chini ya mti. Nilikuwa na miaka 17, na wanafunzi wengine walikaribia umri wangu. Walioanza kutuita UPE si nyinyi watoto wetu. Ni wenzetu, wale tuliokaa nao dawati moja, mtihani mmoja ukatutenganisha: wao wakachaguliwa kwenda sekondari, ambako nafasi zilikuwa chache mno, sisi tukabaki. Nilijiendeleza kutoka ualimu wa daraja C, la chini, hadi A nikiwa na familia, lakini lile jina lilibaki. Ulipomtamkia baba yako, alisikia sauti ya mtu wa rika lake ikitoka kinywani mwa mwanawe. Na ni yeye huyo, akijua anaitwa hivyo, aliyekulipia ada ya shule.

Kuhusu kupewa. Nilistaafu mwisho wa 2022. Kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilikuwa kimeanza Julai; mkupuo, ile sehemu ya mafao unayolipwa mara moja ukistaafu, ukawa asilimia 33 pale nilipozoea kupigia hesabu nusu. 2024 kikapandishwa hadi 40, ila mipango yangu ya kupaua nyumba ilikuwa imeshavurugika. Kwa hiyo usitutazame kama watu walioondoka na fungu lenu. Na sisi tunadai.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwanangu wa pili ana shahada na yuko hapa nyumbani. Namwambia yale yale uliyoambiwa na baba yako. Nikikubali kwamba hana kosa, itanibidi nikubali pia kwamba ng'ombe niliouza kumsomesha walikwenda bure, na kwamba kila siku niliyosimama darasani nikiwaambia watoto "someni mtapata kazi", niliwaahidi nisichokuwa nacho. Bado sijaweza kukubali.

Mzee_wa_Rungwe alijibu:

Mwanangu, nami ni mtu wa huko kwenu. Babu yangu alinisimulia habari za ubusoka. Zamani wavulana wa Kinyakyusa wakifika miaka kumi hivi walihama nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao cha rika moja, ingawa chakula bado walikula kwa mama zao. Wakakua humo, wakaoa humo. Halafu, mara moja kwa kila kizazi, ukafanyika ubusoka, maana yake kutoka: wazee wanakabidhi utawala, wanasogea, na vijana wanapewa ardhi.

Kinyongo kilikuwepo. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, wazee wakiongeza wake huku vijana wakisubiri mpaka ndevu zinakomaa. Lakini kijana alijua zamu yake ipo na itatangazwa mbele ya watu wote. Ulipokuwa mezani pale, nani angekutangazia?

Binti_wa_Tukuyu aliandika:

Mstaafu, nimeyasoma maneno yako nikiwa ofisi ya walimu nikashindwa kuingia kipindi. Sikujua kwamba lile jina lilitoka kwa wenzenu.

Nimempigia baba jana usiku, akapokea. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yakagoma. Badala yake nikamweleza ile asilimia 15, kitu ambacho sijawahi kumwambia kwa sababu ya aibu. Akauliza inakatwa kwenye mshahara ghafi au kwenye kinachobaki. Nikamtajia mshahara wangu, kwa mara ya kwanza. Nikasikia anamwita mama amletee kalamu. Akapiga hesabu kwa sauti, kama alivyokuwa akinifundisha nikiwa darasa la tatu, akasema, "Basi unabakiwa na hela ndogo hivyo?"

Kisha akanitajia mafao yake. Nayo nilikuwa siyajui.

Radhi bado sijaomba. Nafunga shule Ijumaa ijayo, Jumamosi napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi.