Tupeane uzoefu: kicheko cha kupunguza msongo, kinafanywaje hasa?

Wadau mnaoongoza vikundi vya kicheko, yaani watu wanaokutana kucheka pamoja kwa makusudi, leteni mbinu na makosa mnayoyaona. Naanza na pumzi, maana wengi huisahau. Ukicheka kwa dhati, misuli ya tumbo na ya mbavu hubana mfululizo na kusukuma hewa nje, kisha unavuta pumzi ndefu. Mapigo ya moyo hupanda kwanza, halafu hushuka na misuli hulegea. Nafuu iko kwenye huko kushuka. Kwa hiyo baada ya kucheka, kaeni kimya dakika 2 au 3, macho yamefumbwa. Anayerukia simu papo hapo anajikatia utamu.

Pumzi_Ndefu: Naongezea hatua. Anzeni kwa kupiga makofi, viganja vikutane vizima, mkihesabu 1-2, 1-2-3 huku mkisema "ho ho, ha ha ha". Kisha vuta hewa puani, itoe taratibu mdomoni. Ndipo mcheke kwa nusu dakika hivi, mkitazamana machoni, mpumzike, mrudie. Kutazamana ndiko kunakogeuza kicheko cha kujilazimisha kuwa cha kweli. Kosa kubwa ni kucheka kwa koo: sauti inakauka, kikohozi kinaanza. Weka mkono tumboni. Usipotikisika, bado hujacheka.

Mama_Mazoezi: Jamani, vichekesho visiwe nguzo. Daktari Madan Kataria, mwanzilishi wa yoga ya kicheko, alipoanzisha kikundi chake Mumbai, India, mwaka 1995 walitegemea vichekesho. Viliisha, vikabaki vya kuumiza watu, ndipo wakahamia mazoezi yasiyohitaji utani. Mzaha wa kumdhalilisha mtu humwongezea msongo, hata kama naye anacheka.

Nesi_wa_Zamu: Tafadhali ulizeni afya kabla ya kuanza. Mwenye mshono mbichi wa upasuaji au ngiri asubiri ruhusa ya daktari, kwa sababu kicheko hupandisha shinikizo tumboni. Mwenye pumu akae na dawa yake ya kuvuta karibu. Kicheko kikali kinaweza kumbana kifua. Anayeponyokwa na mkojo akicheka asione haya. Aende msalani kwanza, na afanye mazoezi ya kubana misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo.

Pumzi_Ndefu: Asante nesi. Na dawa za presha haziachwi kwa sababu ya kicheko. Norman Cousins, mhariri wa Marekani aliyeugua ugonjwa wenye maumivu makali, aliandika kwamba dakika 10 za kicheko zilimpa saa 2 za usingizi bila maumivu, lakini alikuwa chini ya uangalizi wa daktari wake.