Naomba ushauri: insha za kushawishi darasa la tano

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano hapa Moshi. Viambishi wamevishika vizuri: ukiwapa mzizi -lim- wanakutolea mkulima, kilimo, limisha, limika, hadi kengele inalia. Shida ni insha ya kushawishi. Niliwaambia wamwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba miti ya kivuli uwanjani. Karibu wote wakaandika "tunaomba sana tafadhali", sababu hakuna. Na hao hao, wakimsaidia mama kuuza ndizi soko la Mbuyuni, mteja haondoki mikono mitupu! Natamani ufundi ule wa mdomoni ushuke kwenye daftari. Nafikiria waanze na mdahalo, ila wako 70 na kipindi ni dakika 40. Mliofanikiwa, mlianzaje? Na viunganishi kama "kwa sababu" na "ingawa", mlivifundisha kabla, au ndani ya insha yenyewe?