Kisu cha kukunja cha kuvunia mboga springi imelegea, nikichomelee au nitafute kingine? Ushauri wenu tafadhali

BustaniNyuma (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba: kabichi, letusi, biringanya, hoho, na maboga yanayotambaa hadi kwenye uzio. Miaka yote navuna na kuandaa kwa kisu kimoja tu cha kukunja, kinakaa mfukoni. Nakata bustanini, natoa mizizi na majani mabovu hapo hapo, kisha naingia nacho jikoni kumalizia kwenye ubao. Ni cha marehemu baba. Bapa ni la chuma kinachoshika kutu, mpini wa mbao.

Sasa springi imelegea. Nikikifungua hakigongi "ka!" kama zamani, na bapa linacheza kushoto kulia. Nimeshaongea na fundi wa kuchomelea, anasema anaweza kuligandisha likiwa wazi moja kwa moja, lisikunjike tena. Pia naomba kujua: letusi inageuka kahawia pale nilipokata, na kisu kinakuwa cheusi nikikata kitunguu. Je, ni sumu? Nibaki nacho au niende kwenye stenlesi? Msiniambie nikitupe, hilo sitafanya.

Nawasilisha.

Kimya_Kingi

Ngoja waje wataalamu. Nimekaa hapa.

JiweLaMaji

Weusi si sumu. Chuma chenye kaboni kikikutana na maji ya kitunguu au asidi ya nyanya kinabadilika rangi, na huo utando wa kijivu unakisaidia kisishike kutu nyekundu haraka. Cha kuondoa ni kutu nyekundu tu. Osha, futa, paka mafuta kidogo.

Letusi ni habari nyingine. Ukahawia unatoka kwenye jani lenyewe: seli zikipasuka, vimeng'enya vyake vinakutana na hewa. Kisu butu kinaponda seli nyingi, kikali kinapasua chache. Kabla hujalaumu chuma, noa. Mimi nalaza bapa nyuzi 15 hadi 20 kila upande, jiwe la namba 1000, kisha naliburuza kwenye mkanda wa ngozi. Jaribio langu ni nyanya iliyoiva. Laza makali juu ya ganda, vuta bila kukandamiza. Ganda likifunguka lenyewe, umemaliza. Likibonyea kwanza ndipo lipasuke, rudi kwenye jiwe.

MamaMaboga

Umenikumbusha maboga. Watu wengi wanakata boga karibu kabisa na tunda, au wanalinyanyua kwa kikonyo kama ndoo, kikonyo kinang'oka na kuacha kidonda. Boga hilo halikai, linaanza kuoza juu. Achia kikonyo sentimita 5 hadi 10, kata kwa kisu kikali, halafu libebe kwa tumbo. Nililiweka moja sakafuni pakavu, watoto walikuwa wanalikalia wakila, na bado lilidumu msimu mzima. Dada yangu alivuna siku ile ile, akayavuta kwa mkono, yakaozea kwake. Hadi leo anasema nilimpa mbegu mbaya!

Pete8

Suala lako ni kufuli. Visu vya kukunja vya aina ya baba havina kufuli, ni springi tu inashikilia. Mimi natumia Opinel namba 8, bapa la sentimita 8.5. Ina pete ya chuma shingoni, ukishafungua unaizungusha na bapa haliwezi kurudi. Visu hivyo vilianza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, pete ikaongezwa 1955. Vipo vya kaboni na vya stenlesi. Ubaya wake ni mpini: mbao zikilowa zinavimba na bapa linagoma kufunguka, kwa hiyo usikiache kwenye beseni.

MzeeWaTuta

Shida ya siku hizi ni uvivu. Kisu cha bustani kibaki bustanini, cha jikoni kibaki jikoni. Udongo una vijidudu, mbolea ya samadi ina vijidudu, na kisu cha kukunja kina mfereji ambapo bapa linalala. Chungulia humo ndani uone kilichojaa: utomvu, mchanga, mabaki ya mwaka juzi. Halafu unakatia kachumbari ya watu! Wazee wetu walikuwa na nidhamu.

Kachiri

Mimi nang'oa kwa mikono, sina kesi na mtu.

BustaniNyuma

@JiweLaMaji asante sana, nitanoa leo. @MzeeWaTuta mfereji nausafisha kwa mswaki wa zamani na maji ya moto, nipo makini. @Pete8 nimekuelewa, ila cha baba ni cha baba. Kwa hiyo swali linabaki kuchomelea. Nani amewahi?

NesiZamu

Mleta mada, nimesoma mara mbili. Springi hailegei kwa usiku mmoja, umeivumilia muda wote huo. Kwa nini leo ndiyo umekimbilia kwa fundi aligandishe? Kimeshakufungia mkono?

BustaniNyuma

Dada, hilo si suala. Nauliza kuhusu kisu.

Pete8

Jibu swali la dada, kaka.

MamaMaboga

Hapo sasa. Jibu tu, hatukuchapi.

BustaniNyuma

Haya. Juzi nilikuwa nakata kabichi, kubwa, shina gumu. Bapa likazama nusu likanasa. Nikawa natingisha kulitoa, nikalisukuma kwa upande wa mgongo, likajifunga. Limenikata kidole cha shahada mkono wa kulia, upande wa ndani, kwenye mkunjo wa katikati. Damu ilitoka ya kutosha lakini ilikata. Nikamwagia spiriti, nikafunga kitambaa safi, nikamaliza kuvuna. Kimevimba kidogo, ndiyo, ila kinafanya kazi. Turudi kwenye mada.

NesiZamu

Mada ndiyo hii. Naomba majibu matatu.

Moja, shikilia kidole chini kidogo ya mkunjo wa mwisho kisisogee, kisha kunja ncha peke yake. Inakunja? Upande huo wa ndani ndiko zinakopita kano zinazokunja kidole. Ikikatika moja, kidole kinaweza kuonekana kizima ila ncha haitii.

Mbili, gusa pande zote mbili za ncha kwa pamba ukiwa umefumba macho. Unahisi sawa?

Tatu, mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda ni lini? Bakteria wake hukaa kwenye udongo na samadi, na kisu chako kilikuwa ndani ya shina la kabichi lililotoka tutani. Usiniambie ulimwagia spiriti. Spiriti haifiki chini ya kidonda kirefu, na mbegu za bakteria huyo haziuawi nayo.

BustaniNyuma

Ncha inakunja, taratibu lakini inakunja. Upande wa kuelekea kidole gumba kuna ganzi kidogo, itaisha yenyewe. Sindano nilichomwa nikiwa shule.

Nakuheshimu dada, lakini nikienda hospitali nitakaa foleni siku nzima kwa kidonda ambacho kimeshafunga. Biringanya zimeiva, zikizidi zinakuwa na mbegu ngumu na uchungu. Nimeshaamua: fundi kesho asubuhi, kisha navuna kwa mkono wa kushoto.

MzeeWaTuta

Niliwaambia uvivu. Asiyesikia la mkuu...

JiweLaMaji

Mzee, mwenzetu ana kidonda, tumwache kwanza.

Mleta mada, sikia kuhusu fundi. Chuma cha bapa kimepata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea ni mkali mno kwa bapa jembamba. Sehemu ya karibu na mpini italainika, makali hayatakaa, na mpini wa mbao utaungua. Utakuwa umepoteza kisu cha baba na bado huna kisu.

Shahidi_Macho

Wakuu samahani, mimi naona hii ni chai.

Angalieni. Mtu amekatwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kimevimba, kina ganzi, lakini anachapa aya ndefu zenye nukta na mkato. Kisu cha kukunja kikijifunga kinashuka kwenye vidole vyote vilivyoshika mpini, yeye kimechagua kimoja. Na mwanzoni hakutaja jeraha kabisa, limeibuka watu walipoanza kumtajia visu vya pete. Nyuzi za namna hii huishia na mtu kuuza kisu. Weka picha ya kidole na ya kisu.

Kachiri

Mimi nilishahisi tangu hiyo "ka!"

Pete8

Kama ni mimi natuhumiwa kuuza, sina duka. Nimesema ninachotumia.

Halafu Shahidi, hoja ya vidole vyote si lazima. Inategemea ulivyoshika. Ukikata shina gumu unasogeza shahada mbele, inavuka mpini na kukaa pale bapa linapoanzia, ili upate nguvu. Kikijifunga hicho ndicho cha kwanza kupigwa, na shina lenyewe linazuia bapa lisishuke lote.

BustaniNyuma

Ndivyo nilivyoshika, Pete8. Nachapa kwa gumba la kushoto, ndiyo maana nachelewa kujibu. Picha ya kidole siweki, nina ndugu humu na hawajui. Ya kisu naweza, lakini sioni kwa nini nithibitishe kwa mtu ambaye hajajibu hata swali moja nililouliza.

Shahidi_Macho

Ndugu hawajui ila jukwaa zima linajua. Sawa.

MamaMaboga

Jamani. Kuna mjomba wangu alikatwa na panga mguuni akaficha wiki nzima, akavaa suruali ndefu. Watu huficha. Anayeona aibu ndiye anayekuja kuuliza habari za kitunguu kwanza.

NesiZamu

Iwe kweli, iwe chai, kuna mwingine anasoma uzi huu akiwa na kidonda cha kisu cha bustani. Nawaandikia wote.

Kidonda chenye udongo, na chanjo ya mwisho ina zaidi ya miaka 5, unahitaji sindano ya kuongezea. Kidonda kidogo kisafi, hesabu ni miaka 10. Kama hujui ulichomwa ngapi, sema hujui, watakuhudumia kama ambaye hajakamilisha dozi. Siku zikipita bado nenda, usiseme nimechelewa. Dalili za pepopunda kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21, kwa hiyo kidonda kufunga juu hakukupi uhakika wowote. Taya likikaza au kumeza kukawa shida, hiyo ni dharura.

Sasa kidole. Kikivimba chote, kikabaki kimejikunja, kikiuma ukikinyoosha na ukibonyeza upande wa ndani kikauma urefu wote, maambukizi yameingia kwenye ala ya kano. Hapo ni siku hiyo hiyo, si kesho. Na ganzi ya upande mmoja, mleta mada, ina maana huenda neva ya upande huo imeguswa. Neva na kano zikikatika hushonwa vizuri zaidi mapema. Ukikaa wiki kadhaa, ncha za kano zinajivuta na kazi inakuwa kubwa. Biringanya zikizidi kuiva utapanda nyingine.

BustaniNyuma

Nimesoma.

Kimya_Kingi

Ameenda kwa fundi au hospitali? Mtupe mrejesho.

JiweLaMaji

Wakati tunamsubiri, kwa wenye visu vya bila kufuli: usichome shina kwa ncha, na bapa likinasa usilitingishe. Shikilia kabichi, vuta kisu nje kwa mstari ule ule ulioingilia, kisha anza upya upande wa pili. Shina la kabichi likatwe kwa kuvuta makali, ukilizunguka kidogo kidogo. Na usilikate usawa wa ardhi. Acha kisiki na majani machache ya chini, chora alama ya msalaba juu yake, mara nyingi vinatoka vichwa vidogo vidogo pembeni.

BustaniNyuma

Mrejesho. Nilienda. Wamekisafisha kwa maji mengi, wamenichoma sindano, wamenipa dawa. Kano zote zinafanya kazi. Ganzi wamesema ni neva, nimepewa rufaa kwa daktari wa mikono. Foleni ilikuwa ndefu kama nilivyosema, lakini nilipotaja ganzi nikapitishwa mbele.

Kwa fundi sijaenda. Bapa kucheza kushoto kulia nimeambiwa pini inaweza kugongwa ikakaza, lakini springi iliyochoka hairudi. Kwa hiyo cha baba kitabaki mezani, kumenya na kukata vitu laini. Bustanini natafuta chenye kufuli, au kisichokunja kabisa chenye ala.

Shahidi_Macho

Picha ya kisu bado.

BustaniNyuma

Nikifunguliwa bandeji nitapiga.

MamaMaboga

Pole sana mwanangu. Na biringanya anavuna nani?

BustaniNyuma

Kijana wangu, anatumia mkasi wa kupogolea.

MamaMaboga

Mkasi unafaa. Mwambie avae glavu, kile kikofia cha biringanya kina miiba midogo na ikiingia haionekani. Aache kipande cha kikonyo, asikate kwenye nyama ya tunda. Na maboga asiyaguse hadi ganda ligome kuingia ukucha.