Intelijenti dizaini na maltivesi, si wote wanaamini tu?

kobe_mzee: Wakuu nimeangalia mdahalo youtube mpaka bando likakata. Jamaa wa intelijenti dizaini, wale wanaosema uhai umebuniwa na mwenye akili, kaonyesha ule mkia wa bakteria unaozunguka kama propela, anasema ukitoa kipande kimoja haufanyi kazi so lazima kuna aliyeuunda. Mwenzake alipoulizwa mbona nguvu za asili zimepangika hivi mpaka uhai ukawezekana, akajibu ziko ulimwengu nyingi mno, ndo hiyo maltivesi, huu wetu umebahatika. Hizo nyingine nani kaziona? Na kama ni bahati tu, tunaishi ili iweje?

Pweza77: Mkuu umechanganya mafaili. Maltivesi haihusiani na mkia wa bakteria, ni hoja ya wanafizikia na hata wao wanagombana kama kitu kisichopimika ni sayansi kweli. Mkia ni hoja ya Behe, mwanabiokemia anayetetea dizaini, nayo ilishafika mahakamani kwenye kesi ya dizaini kufundishwa shule za Dover, Pennsylvania, Marekani 2005. Pale ikaonyeshwa kuwa protini kadhaa za ule mkia zinafanana na za kijisindano ambacho bakteria wengine wanachomea seli, yaani ukipunguza vipande bado kuna kazi nyingine inafanyika! Behe akabanwa na wakili mpaka akakubali kwamba kwa tafsiri yake ya nadharia ya sayansi hata unajimu, ule wa kutabiri kwa nyota, unaingia 😂 Jaji Jones, aliyeteuliwa na Rais Bush, akaamua dizaini si sayansi.

mama_Neema: Jaji siyo maabara. Haya, na uhai wenyewe ulianzaje? Mwanakemia Miller 1953 alipiga cheche za umeme kwenye chupa ya methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji akapata amino asidi, vile viungo vya protini, haya, zaidi ya miaka 70 imepita nani katoa seli hai? Hapo mnanyamaza.

Pweza77: Hakuna dada, kweli. Ila hizo amino asidi zimekutwa hata kwenye kimondo kilichoanguka Murchison, Australia 1969, kwa hiyo viungo vinajitengeneza vyenyewe huko angani, mapishi ndo bado hatuyajui. Mimi naswali swala tano, sitaki imani yangu isimamie kitu ambacho kesho mtu wa maabara akikipata inabidi nianze kutafuta sababu nyingine. Na wewe kobe, ziwe ulimwengu bilioni au huu mmoja, ada ya watoto Januari utalipa na mkeo atataka umsikilize, maana ya maisha iko humo humo.

kobe_mzee: Ada usinikumbushe. Mwenye PDF ya hiyo hukumu aitupie humu.